Maswali ya wasomaji: lori la jeshi kwenye barabara ya raia

Barua za safari hii karibu zote zimeandikwa na wasomaji walioko Marekani, na karibu zote zinahusu lori moja: M35A2, lile la tani mbili na nusu, ekseli tatu na tairi kumi, linalouzwa kwenye minada ya mali chakavu ya jeshi. Barua moja imetoka Mombasa.

Nimeshinda mnada wa M35A2, nina risiti na kibali cha kulitoa yadini. Karani wa kaunti anasema havitoshi kusajili. Nini kimekosekana? – Msomaji, Houston, Texas

Kimekosekana SF-97. Lori la jeshi hutoka kiwandani likaingia kambini moja kwa moja, kwa hiyo halijawahi kuwa na hati ya umiliki ya jimbo lolote. Serikali ya shirikisho inapoliuza, hutoa fomu hiyo namba 97 ili mnunuzi aombee hati. Risiti inathibitisha tu kwamba ulilipa. Fomu haiji siku ya mnada, huja baada ya wiki kadhaa, na ikipotea kupata nyingine ni shughuli. Piga nakala siku hiyohiyo uliyoipokea.

Kwa Texas utapeleka SF-97 halisi, fomu ya maombi 130-U, kitambulisho, uthibitisho wa bima na ada kwenye ofisi ya kodi ya kaunti yako. Lakini kabla hujaenda, chukua tochi na kitambaa, ingia ndani ya kabini usafishe mabamba ya chuma kwenye dashibodi, kisha linganisha namba ya mfululizo iliyo pale na ile ya SF-97, herufi kwa herufi. Hapa ndipo kazi nyingi hukwama, na sababu zake ni tatu.

Kwanza, lori la jeshi lina namba mbili. Ipo ya kiwandani, iliyo kwenye bamba, na ipo ya usajili wa jeshi, iliyopakwa rangi kwenye boneti. Aliyejaza fomu akichukua ya boneti, mkaguzi hataiona popote kwenye bamba. Pili, malori mengi yalifumuliwa na kujengwa upya kwenye karakana za jeshi, yakapewa bamba jipya lenye mwaka wa ukarabati. M35A3, kwa mfano, ni A2 zilizofanyiwa hivyo miaka ya 1990, zikawekewa injini ya Caterpillar na gia otomatiki. Mwaka utakaoandikwa kwenye hati ndio utakaoamua kama unastahili namba za gari la kale, kwa hiyo usiuache ujazwe kwa kubahatisha. Tatu, kompyuta ya karani inataka namba ya tarakimu na herufi 17, utaratibu ulioanza na magari ya mwaka 1981. Ya lori lako huenda ikawa fupi. Usikubali kuongezewa sifuri ili ifike 17. Omba msimamizi aiingize kama ilivyo. Kanuni ya shirikisho 49 CFR 571.7 inasema viwango vya usalama vya magari ya kiraia havihusu gari lililotengenezwa kwa ajili ya jeshi na kuuzwa moja kwa moja kwa jeshi. Ichapishe uende nayo, kwa sababu makarani wengi hawajawahi kukutana na jambo hili.

Ukikuta kosa kwenye SF-97, irudishe kwa aliyeuza pamoja na picha za bamba. Usikwangue wala kuandika juu yake, maana fomu iliyoguswa kwa kalamu haipokelewi.

Texas na Florida zina namba maalumu za magari yaliyotoka jeshini. Uliza habari zake hapohapo dirishani.

Mimi sikununua mnadani. Nimenunua kwa mtu, na SF-97 ina jina lake. Yeye hakuwahi kulisajili. – Msomaji, Columbus, Ohio

Njia safi ni yeye kwanza achukue hati kwa jina lake, halafu akuhamishie. Ni kweli atalipa ada, na pengine kodi, lakini ongeza gharama hiyo kwenye bei mmalize. Asipotaka, mwandikishiane mkataba wa mauzo mbele ya mthibitishaji, wenye namba ya bamba, bei na saini zenu, kisha uulize ofisi ya hati ya kaunti kama wataupokea pamoja na SF-97 yake. Usimlipe yote kabla hujapata jibu.

Muuzaji akiwa hapatikani kabisa, majimbo kadhaa hutoa hati yenye dhamana: unanunua dhamana kwa kampuni ya bima, na akijitokeza mwenye mali, yeye ndiye atakayelipwa kwayo. Texas, kwa mfano, hutaka dhamana ya mara moja na nusu ya thamani ya gari, ikae miaka 3. Msomaji anayeambiwa na muuzaji kwamba "karatasi ni rahisi, utazipata tu" aulize kwa nini yeye hakuzipata.

Kampuni inayoniwekea bima ya gari dogo imekataa lori. Niende wapi, na nichukue bima gani? – Msomaji, Minneapolis, Minnesota

Wamekataa kwa sababu mfumo wao unasoma namba ya tarakimu 17 na uzito wa gari la familia. Lori lako halina hiyo namba, na tupu lina takriban pauni 13,000, karibu kilo 5,900. Nenda kwenye kampuni zinazokatia bima magari ya kale na ya wakusanyaji. Magari ya jeshi wanayafahamu. Watakuuliza mambo matatu: una gari jingine la kila siku? Lori linalala wapi? Utaliendesha kwenda wapi? Wanachotaka kusikia ni maonyesho, gwaride, mikutano ya wenye magari hayo na mizunguko michache ya kulipasha moto. Ukisema utabebea kuni za kuuza, watakukatalia, na ni afadhali wakatae sasa kuliko siku ya ajali. Bima hizi hazigusi kazi ya malipo hata ya siku moja. Lori la uzito huu likifanya biashara ya kuvuka majimbo linahitaji pia namba ya USDOT, yaani ya usajili katika Idara ya Uchukuzi ya Marekani, kwa kuwa mpaka wake ni pauni 10,001 na lenyewe limeupita likiwa halijapakia kitu.

Usalama wa maegesho utaulizwa sana, na kwa haki: M35A2 halina ufunguo wa kuwashia. Lina swichi tu, na milango mingi haina kufuli. Funga swichi ya kukata betri, pitisha mnyororo kwenye usukani, upige picha vyote viwili uviambatanishe na maombi.

Kwenye thamani, sisitiza thamani ya makubaliano. Bima kubwa ya kawaida hulipa thamani ya soko baada ya uchakavu, na lori la miaka 40 kwenye mahesabu hayo ni chuma chakavu. Ile ya makubaliano inaandika kiasi kabla, nanyi mnasaini. Peleka picha za pande nne, kabini, injini, mabamba na risiti za matairi.

Kwenye bima ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga, usijibane. Kiwango cha chini cha sheria hupangwa kwa magari madogo. Texas, kwa mfano, inataka dola 30,000 kwa mtu mmoja, 60,000 kwa ajali na 25,000 kwa mali. Tani karibu sita zisizo na bampa ya kubonyea zikipanda gari moja jipya, hizo 25,000 zimekwisha. Chukua angalau 300,000 kama mfuko unaruhusu. Hapa ndipo pesa ya bima inapofanya kazi, kuliko kwenye kulikinga lori lenyewe.

Tena, gari likishalipiwa mnadani hasara inaweza kuwa yako hata kama bado liko yadini, kwa hiyo soma masharti ya mnada. Mwenye lobedi atakayelibeba akuonyeshe bima yake ya mzigo na kiwango chake.

Leseni ya kawaida inatosha? Na kwa lile la tani 5? – Msomaji, Columbus tena

Mstari wa shirikisho wa kudai leseni ya biashara ni uzito wa juu kabisa ulioidhinishwa wa pauni 26,001. M35A2 tupu ni takriban 13,000, na barabarani linaruhusiwa mzigo wa 10,000, kwa hiyo liko chini. M923 la tani 5 linauvuka, na breki zake ni za hewa tupu. Sheria ya leseni ya biashara inalenga biashara, lakini baadhi ya majimbo hudai daraja la juu hata kwa matumizi binafsi. Uliza idara ya leseni, na ikitaka karatasi ya mizani, mizani ya vituo vya malori itakupatia.

Ukaguzi wamenirudisha: taa za breki haziwaki. Balbu ni nzima. – Msomaji, Pittsburgh, Pennsylvania

Angalia swichi kuu ya taa kabla hujafungua chochote. Ikiwa kwenye OFF, taa za breki nazo zimezimwa, ndivyo jeshi lilivyotaka ili lori lisionekane usiku. Mchana iweke kwenye STOP LIGHT, usiku SERVICE DRIVE. Kumbuka umeme ni volti 24, betri mbili za 12 zilizofungwa mfululizo. Balbu ya 12 itaungua papo hapo.

Ukiwa chini ya lori, tazama hosi za breki. Hewa husaidia kusukuma oili, lakini njia ya oili ni moja kwa magurudumu yote. Hosi moja ikipasuka pedali inazama hadi sakafuni na hubaki na kitu ila breki ya mkono, inayoshika ngoma nyuma ya gia boksi ya kugawa nguvu. Ile ni ya kuegeshea. Badilisha hosi zote kwa pamoja. Oili iliyomo mara nyingi ni ya silikoni, DOT 5. Usiichanganye na DOT 3, wala na DOT 5.1, ambayo si silikoni. Baadhi ya majimbo husamehe magari ya kale ukaguzi, lakini hosi haijui hilo.

Naweza kulileta M35A2 Kenya? – Msomaji, Mombasa

Hapana. Kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari, KS 1515, kinakataa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 na lenye usukani kushoto, na hili lina kasoro zote mbili. Upande wa Marekani nako, kuuza nje gari la kijeshi kunaweza kudai leseni. Tafuta minada ya serikali hapohapo nyumbani, inayoendeshwa chini ya sheria ya ununuzi na uondoaji wa mali ya umma ya mwaka 2015, na kabla ya kutaja bei uliza kama gari linauzwa likiwa na logbook ya kiraia, au wewe ndiye utakayelisajili upya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.