Kidudu cha kijani kwenye nyanya, nipige dawa?

Swali: Habari mtaalamu, nyanya zangu zina vidudu vyembamba vya kijani vinakimbia balaa, na kwenye ncha shina lina pete za kahawia, nipige dawa?

Jibu: Salama ndugu yangu, usikimbilie bomba! Kama ana milimita 3 hadi 4 huyo huenda ni mdudu anayeitwa nesidiokorisi, ana mdomo kama sindano, anafyonza mayai ya kantangaze (nondo anayeharibu nyanya) na watoto wa inzi weupe, yaani anakulindia shamba bure kabisa. Ila hao anaowala wakiisha anageukia nyanya yenyewe, ndo hizo pete, na maua yanadondoka. Geuza majani uangalie chini, inzi weupe bado wapo? Muache. Hawapo na pete zinaongezeka? Hapo kata vichipukizi vya pembeni walikojaa hao nesidiokorisi, uvitoe shambani.