Wakala mpya wa bima ya mazishi: maswali yenu ya mwezi huu

Tangu niligusie suala la bima ya gharama za mazishi, ile bima ndogo ya maisha wanayokatiwa wazee hapa Marekani, ya dola 5,000, 10,000 au 15,000, simu yangu haipumziki. Wengi wenu mmepata leseni juzi tu na mmeshaanza kuumia. Nimechagua maswali sita.

Mama, jambo. Wiki yangu ya kwanza niliuza bima nne nikalipwa vizuri. Huu mwezi wa tatu kampuni inanidai mimi! Nimeibiwa? (Louisville, Kentucky)

Hujaibiwa, ulikopeshwa. Kampuni nyingi humlipa wakala kamisheni ya miezi 9 kwa mkupuo, kabla mteja hajailipia hiyo miezi. Tuseme mteja analipa dola 60 kwa mwezi, yaani 720 kwa mwaka, na mkataba wako unakupa asilimia 80 ya hizo. Kamisheni ya mwaka mzima ni dola 576, nawe unapewa 432 leo. Akilipa miezi miwili akaacha, ulichostahili ni dola 96. Zile 336 zinarudi zilikotoka, na usipokuwa na mauzo mapya ya kuzifidia, unaletewa barua ya deni.

Ila mimi ningekuuliza kwanza: waliacha kwa nini? Mwaka wangu wa kwanza nilimwandikia mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu, malipo yakatwe benki kila tarehe 1. Sikumuuliza, nilijaza tu. Kumbe pesa yake ya Social Security, malipo ya uzeeni ya serikali, huingia Jumatano ya pili ya mwezi, na tarehe 1 ilimkuta amebakiwa na dola 11. Benki ikamtoza faini. Kampuni ikajaribu tena kukata, benki ikamtoza tena. Alinipigia mwenyewe, akaniuliza kwa upole kama ninajua siku ambayo wazee hupata pesa zao. Sikujua.

Sasa najua, na wewe andika mahali: aliyezaliwa kati ya tarehe 1 na 10 hupata Jumatano ya pili, 11 hadi 20 Jumatano ya tatu, 21 hadi 31 Jumatano ya nne. Walioanza kupokea kabla ya Mei 1997 hupata tarehe 3, na wanaotegemea SSI peke yake (msaada wa serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo) hupata tarehe 1. Panga makato yaifuate pesa. Halafu usimuuzie mtu bima ya dola 90 kwa mwezi kwa sababu tu alitikisa kichwa. Bima ya dola 5,000 inayolipika ina thamani kuliko ya 20,000 itakayokufa Agosti.

Shikamoo dada. Mteja wangu alijibu "hapana" kwa maswali yote ya afya, kampuni ikamkataa siku hiyohiyo. Walijuaje? (Dallas, Texas)

Marahaba. Waliangalia dawa zake. Bima hizi hazina vipimo vya daktari, lakini kampuni huingia kwenye kumbukumbu za dawa alizonunua mteja, na jibu hurudi kwa dakika chache.

Ndiyo maana mimi sianzi na maswali ya fomu. Namwomba mama aniletee chupa zake za dawa, zote, hata zile za kwenye droo ya chumbani. Ananiletea mfuko wa plastiki, tunazipanga mezani. Bibi mmoja aliniapia hana ugonjwa wa moyo, na mbele yetu zimesimama furosemide na carvedilol. Nikamuuliza hizi ni za nini. "Hizo? Za miguu kuvimba." Na ni nani alikuandikia? "Daktari wa moyo." Hakuwa anadanganya. Kwake yeye ugonjwa wa moyo ni ule wa kuanguka na kubebwa na ambulensi.

Usikatae mtu kwa sababu ya dawa moja, kwani dawa moja huandikwa kwa sababu nyingi. Uliza, kisha mpeleke kwenye kampuni inayompokea mtu wa hali yake. Kama ni mgonjwa kweli, zipo bima zinazomkubali kwa kungoja: akifa kwa maradhi ndani ya miaka miwili ya mwanzo, familia kwa kawaida hurudishiwa alichokwisha lipa na nyongeza kidogo, mara nyingi asilimia 10. Ajali hulipwa yote. Mweleze hilo kwa lugha anayoielewa, mwanawe akisikia.

Na wewe unayemnong'oneza mteja "hapo sema hapana tu": katika miaka miwili ya kwanza kampuni ina haki ya kufukua rekodi za hospitali kabla ya kulipa. Siku hiyo hutakuwepo wewe, atakuwepo binti yake na karani wa nyumba ya mazishi.

Nimenunua majina ya watu waliojaza fomu Facebook. Nikipiga, nusu wanasema hawajawahi kujaza kitu, wengine wanauliza "ile pesa ya serikali iko wapi?" (Minneapolis)

Umeuziwa majina yaliyochacha, tena yaliyotokana na tangazo la uongo. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuonyeshe tangazo lenyewe. Ukiona bendera ya Marekani na maneno kama "mpango mpya kwa wazee wa jimbo lako", kimbia. Serikali haitoi bima ya mazishi. Social Security hutoa dola 255 mara moja tu, kwa mume au mke aliyefiwa, au mtoto anayestahili. Sema sentensi hiyo mwanzoni mwa simu, pamoja na kwamba wewe ni wakala binafsi. Watakaokata simu wangekuacha tu baadaye.

Pia hakikisha namba haimo kwenye orodha ya kitaifa ya wasiotaka kupigiwa, na usipige kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku kwa saa za huko aliko mteja. Sheria ya simu inamruhusu mtu kudai dola 500 kwa simu moja, hadi 1,500 ukiwa ulifanya makusudi. Kamisheni yako haifiki hapo.

Waumini wenzangu wanataka niwakatie bima wazazi wao walioko Kakamega. Na wengine wanauliza kama bima hii inasafirisha maiti nyumbani. (Columbus, Ohio)

La kwanza, hapana. Bima hizi ni za wanaoishi Marekani, na leseni yako ni ya hapa. Kenya kampuni zina bima yao, wenyewe wanaiita last expense, na wapo mawakala wenye leseni ya Insurance Regulatory Authority, mamlaka ya bima ya huko. Waelekeze huko.

La pili, ndiyo na hapana. Bima hailipi ndege wala jeneza. Inamlipa mnufaika, yaani yule aliyeandikwa kupokea, fedha taslimu, naye anazipeleka anakotaka. Tatizo ni muda. Madai yanasubiri cheti cha kifo, na sisi tunataka mwili uondoke wiki hiyohiyo. Nyumba nyingi za mazishi hukubali kusainiwa hati ya kulipwa moja kwa moja kutoka kwenye bima, lakini waulizeni mapema na mpigie hesabu gharama ya safari kabla ya kuchagua kiwango. Michango ya WhatsApp haitaisha, tusidanganyane, lakini angalau familia haitaanzia sifuri.

Leseni yangu ni ya Kentucky. Mteja yuko Jeffersonville, ng'ambo ya daraja tu. Niende? (Louisville)

Jeffersonville ni Indiana. Omba leseni ya Indiana kwanza, unaijaza mtandaoni. Umbali wa dakika kumi haubadilishi kitu.

Dada, nikishauza, nimpigie tena lini? Naogopa kumsumbua akabadili nia. (Houston)

Wa kubadili nia atabadili tu, na sheria inampa siku za kughairi akarudishiwa pesa yake, kuanzia 10 hadi 30 kulingana na jimbo. Bora akughairi wiki hii kuliko mwezi wa tatu (rudi kwa msomaji wa kwanza).

Mimi napiga mara mbili. Siku moja kabla ya makato ya kwanza: "Mama, kesho watakata dola 47, usishtuke." Na bima ikifika kwa posta, narudi nyumbani ikiwa ni karibu, tunaifungua pamoja. Nampigia mnufaika kutoka sebuleni hapo hapo, mama akiwa ameshika simu, namtajia kampuni, kiasi na bima ilipowekwa. Wengi huwa hawajui kabisa kwamba wameandikwa. Kijana mmoja alinyamaza muda mrefu kwenye simu, kisha akamuuliza mama yake kama anaumwa. Mama akacheka, akamwambia hapana, nimelipa tu deni lako. Karatasi tukaibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, juu ya sufuria, kwa sababu alisema hapo ndipo kila mtu wa nyumba ile hufungua.