Mwiko wa plastiki kwa skimu: nunua, lakini wa chuma usiutupe

Fundi, umeuliza kama mwiko wa plastiki utakufaa kumalizia kuta na dari ya ile nyumba ya Kondele, kwa vile wa chuma unakuachia michirizi myeusi kwenye skimu nyeupe, yaani lile tabaka jembamba la jipsamu la kumalizia ukuta. Utakufaa, ila kwa mkono wa mwisho tu. Kupaka na kusawazisha, endelea na chuma. Plastiki hupinda, itafuata mabonde ya ukuta badala ya kuyaziba.

Kazi yote iko kwenye wakati. Gusa jipsamu kwa kidole: ikinata, ngoja. Ikishakaza, kidole kikiacha alama hafifu na kutoka kikavu, pitisha plastiki ukiwa umeulaza karibu sawa na ukuta, maji kidogo mno. Utaona vitundu vya hewa vikijifunga na uji mwembamba ukikusanyika ukingoni mwa mwiko. Ufute kila mara, la sivyo utakuchorea mistari. Kwa joto la Kisumu, changanya kidogo kidogo na ufunge madirisha, upepo usikukaushie ukuta kabla hujaumaliza.

Kwenye dari ndiko utakakoupenda: ni mwepesi, bega halilalamiki mapema.

Ukiwa mpya, piga pembe na ukingo msasa laini kwanza. Na plasta ya saruji na mchanga usiiguse nao hata kidogo, mchanga utautafuna. Hapo mwiko wa ubao unatosha. Ukingo ukipata kovu, usugue tena au ubadilishe mwiko, bei yake si ya kuumiza.