Asubuhi vidole havishiki chaki

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, nafundisha shule binafsi ya msingi huku Moshi. Huu mwaka wa pili nina baridi yabisi. Naamka saa kumi alfajiri ili vidole vifunguke kabla ya kipindi cha kwanza. Methotrexate niliyoandikiwa niliiacha baada ya kusoma kuwa ni dawa ya kansa, sasa najinunulia prednisolone duka la dawa. Kazini sijamwambia mtu. Nimechelewa zamu mara tatu, Mkuu kanipa barua ya onyo, wenzangu wananiita mvivu. Nafikiria kuacha kazi nikae nyumbani nikaange maandazi. Nishauri.
Mwalimu wa Darasa la Tano

Marahaba mwanangu, na pole.

Nianze na hayo maandazi. Unga utaukanda kwa mikono gani? Wauza maandazi huwasha jiko saa kumi na moja, saa ileile ambayo wewe hata kifungo cha blauzi kinakushinda. Ualimu angalau una kipindi cha nne na cha tano.

Nasema haya nikiwa na deni. Mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa fundi cherehani. Asubuhi kitasa alikifungua kwa kiwiko, chupa ya chai akiibana mapajani ndipo kifuniko kizunguke. Ikifika mchana unamkuta anacheka na wateja. Nikamwambia, tena mbele ya watu, kwamba ugonjwa wa asubuhi tu ni uvivu. Daktari ndiye aliyenieleza kuwa kinga ya mwili yenyewe inashambulia viungo, na kule kukakamaa kwa asubuhi huweza kupita saa nzima kabla ya kulegea. Mkuu wako yuko nilipokuwa mimi. Anamwona mwalimu aliyechelewa alfajiri na saa sita yuko mzima. Umemficha, afikirie nini?

Mwambie, na uende na karatasi. Daktari aandike jina la ugonjwa na kwamba asubuhi ndiyo mbaya. Kisha omba vitu viwili: zamu ya getini ubadilishane na ya mchana, na vipindi vyako visianze kabla ya saa tatu. Hilo ni suala la ratiba, mwalimu wa taaluma analimaliza kwa penseli na ufutio. Chaki nyembamba ndiyo inayotesa vidole, hivyo ichomeke kwenye kipande cha mpira wa maji inenepe.

Barua ya onyo ijibu kwa maandishi, ubaki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, mradi uwe na cheti cha daktari. Wakikuachisha kwa hila, una siku 30 za kulalamika CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Ukiandika mwenyewe barua ya kujiuzulu, umewarahisishia.

Sasa dawa, na hapa nakugombeza. Ni kweli methotrexate hutumika kwa kansa, ila kwa dozi kubwa. Ya viungo ni ndogo, humezwa mara moja kwa wiki (kwa wiki, si kwa siku!), na damu inapimwa mara kwa mara kuangalia ini. Kama unatarajia kubeba mimba, daktari ajue kabla, maana haimfai mjamzito. Hiyo prednisolone ya kujinunulia inakupoza haraka, lakini ukiizoea inakula mifupa na kuvimbisha uso, na kama umeitumia kwa muda usiikatishe ghafla. Rudi kliniki wakupunguzie wao. Mdogo wangu alichelewa kuanza dawa. Vidole vimepinda kuelekea upande wa kidole kidogo na havirudi tena, cherehani alishamwachia binti yake.

Na kwa Mkuu usiende mchana ukiwa umechangamka. Nenda saa moja na nusu asubuhi, vidole vikiwa bado vimevimba, umpe mkono akusalimie.