Kwa mwanangu, kuhusu Bwana Msa

Mwanangu Salma,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata tangu juzi, sikutaka kuujibu kwa maneno mawili. Umeniuliza: "Baba, kwani Bwana Msa si Sherlock Holmes tu aliyebadilishwa jina? Na mimi nikiandika hadithi yangu ya upelelezi, si nitakuwa namwiga mwigaji?"

Nianze na lililo kweli. Muhammed Said Abdulla, mwandishi aliyemtunga mpelelezi Bwana Msa, aliiga. Kiko cha tumbaku mdomoni mwa Bwana Msa, rafiki yake Najum ubavuni, na mambo yaliyowashinda wengine kufumbuliwa kwa kufikiri tu: hayo yametoka Uingereza, na kila aliyesoma visa vya Holmes, yule mpelelezi wa London wa vitabu vya Kiingereza, atayatambua. Lakini Holmes mwenyewe, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1887, ana deni lake. Mmarekani Edgar Allan Poe alikwisha kumwandika mpelelezi Dupin mwaka 1841, na Dupin naye alikuwa na rafiki wa kuyasimulia mambo yake. Kwa hiyo kuazima kusikukoseshe usingizi. Mimi ninachouliza ni hiki: Muhammed Said Abdulla alikwenda kuazima, akarudi nacho Unguja, akakifanyia nini?

Na hapa lazima nikueleze kazi yake, kwa sababu watu wanaomtaja huipita haraka, na mimi siwezi kuipita. Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliingia idara ya afya, akawa mkaguzi. Miaka kumi, Salma. Alikuwa bwana afya kama mimi baba yako. Ndipo mwaka 1948 akaenda kuhariri gazeti la Zanzibari, akapita na magazeti mengine, na kuanzia 1958 akawa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo, mpaka alipostaafu mwaka 1968.

Watu wa fasihi watakwambia uandishi wake ulitoka kwenye magazeti na kwenye vitabu vya Kiingereza. Sikatai. Lakini mimi naona jicho la Bwana Msa lilitoka kwenye ile miaka kumi, na nitakwambia kwa nini naamini hivyo.

Mwaka wa pili wa kazi yangu nilipelekwa kijiji kimoja cha kusini. Watoto walikuwa wanaharisha, wawili wameshazikwa. Kisima kilikuwa chini ya mkuyu, na wazee walinieleza kwa upole kabisa kwamba mwenyewe amekasirika. Mwenyewe wa kisima, si mtu. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni, nikafungua kinywa niwajibu kwa yale niliyoyasoma. Mkubwa wangu akanishika mkono. Akakaa juu ya gogo, akaanza kuuliza habari za pale: nani huteka alfajiri, nani huteka jioni, nyumba ile ya makuti mapya ni ya nani, ilijengwa lini, wageni wake wametoka wapi. Asubuhi nzima alikuwa anauliza na kusikiliza. Adhuhuri akasimama, akazunguka nyuma ya migomba, na huko kilikuwako choo kipya, hatua chache tu juu ya kisima, kimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe. Unalijua jiwe letu, lina nyufa, maji yanapita ndani yake kama kwenye chujio.

Hakusema "nimeona". Aliagiza ndoo ya maji, akatia rangi ya kijani, akaimwaga chooni. Kesho yake tukarudi. Ndoo ya kwanza iliyotoka kisimani ilikuwa na ukijani hafifu, kama maji yaliyooshewa majani. Wazee waliinamia ndoo ile wakaitazama, hakuna aliyesema neno. Mwenye choo akakaa chini akalia, kwa sababu mmoja wa wale wawili alikuwa mpwa wake.

Usiku ule nilikitafuta tena Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha kwanza cha Bwana Msa, nilichokuwa nimekisoma skuli kwa ajili ya mtihani tu. Unakumbuka kinavyoanza jambo lake: tajiri mmoja, Bwana Ali, anakutwa amekufa kwenye mzimu, pahali pa matambiko, na mahali penyewe pameshawapa watu jibu kabla hawajauliza swali. Hapo ndipo Bwana Msa anapoingia. Hauchukui mzimu kuwa ushahidi. Anatafuta mkono wa mtu. Niliposoma mara hii ya pili nilimwona mkubwa wangu juu ya lile gogo.

Hicho ndicho Muhammed Said alichokifanyia alichokiazima. Mpelelezi wa London alimleta mbele ya hofu yetu sisi, ile tuliyonyonya na maziwa, akampa kazi ya kuisubiri iseme yote kisha aulize: haya, na watu je, walikuwa wapi? Kitabu chake cha pili, cha mwaka 1968, akakiita Kisima cha Giningi. Wewe ulilelewa mjini huenda hukulisikia sana jina hilo, lakini mimi bibi yangu alikuwa akilitaja Giningi, mji wa wachawi, anashusha sauti hata mchana. Mtu aliyechagua jina kama hilo liwe juu ya jalada la hadithi ya upelelezi alijua vizuri anaishika hofu gani mkononi.

Hadithi ile ya mzimu ndiyo iliyoshinda mashindano ya uandishi ya shirika la vitabu la East African Literature Bureau ya 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960. Sasa zitazame tarehe. Tangu kitabu hicho mpaka mwaka aliostaafu, miaka minane, aliongeza kimoja tu. Kisha Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Vinne, mwaka hadi mwaka. Nakwambia hili kwa sababu uliniandikia pia kwamba kazi ya benki haikuachii nafasi. Mzee yule naye alikuwa na gazeti la kutoa, na hadithi zikamsubiri.

Kitabu cha Kosa la Bwana Msa kilitoka 1984, na yeye alifariki 1991. Hebu liandike jina lake kwa herufi za mwanzo: Muhammed, Said, Abdulla. Sasa jaribu kuzitamka pamoja. Niliigundua nikiwa na umri wako, nikacheka peke yangu kwenye gari.

Kuna jambo moja ambalo wapenzi wa Holmes hulalamika, kwamba Bwana Msa anaongea mno na watu wake wanaongea mno. Mimi nasema hapo ndipo ufundi ulipo. Kwetu siri haifichwi kwenye sanduku la chuma, hufichwa barazani, katikati ya salamu na masihara, na mara nyingi fundo liko kwenye nasaba: nani mtoto wa nani, nani aliwahi kumuoa nani na kwa nini halisemwi. Mpelelezi wa kwetu akinyamaza na kutazama majivu ya sigara hatapata kitu. Lazima akae, aulize habari za nyumbani, anywe kahawa, aulize tena. Utakapoandika, usiwakatishe watu wako maneno. Waache wazunguke. Mwenye hatia kwa Kiswahili hujifunga kwa anachokirudia bila kuulizwa.

Wako waandishi waliokuja na njia nyingine. Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, Ben Mtobwa na wake Joram Kiango. Wasome wote, wale wana mbio na bastola na mji mkubwa, na huenda ndio watakaokufaa kwa hadithi yako ya Dar es Salaam. Ila mimi ukiniuliza nianze na nani, unajua jibu langu.

Nakuletea nakala yangu ya Mzimu. Shangazi yako anavuka na boti ya Jumamosi asubuhi, mpokee bandarini, kitabu kiko kwenye mfuko wa karafuu ili wadudu wasikiguse. Jalada halipo, na kurasa mbili za mwanzo zilichanika zamani, wewe ukiwa na miaka mitatu. Niliziazima kwa rafiki yangu nikazinakili kwa mkono, karatasi zake nimezikunja ndani. Kama kuna neno huwezi kulisoma nipigie usiku baada ya isha, nitakusomea.

Baba yako