Maswali na Majibu: Oktanti na Pembe za Baharini

Katika sanduku la marehemu babu nimekuta fremu ya pembetatu ya mti mweusi, yenye vioo viwili vidogo, mkono wa shaba na tao jeupe lenye namba. Ni kitu gani? (Msomaji, Dunda, Bagamoyo)

Kwa maelezo hayo ni oktanti, chombo cha kupimia pembe iliyopo baina ya jua au nyota na upeo wa bahari, ambacho Mwingereza John Hadley alikionesha London mwaka 1731. Litazame tao: ni sehemu ya nane ya duara, yaani digrii 45, lakini namba zake hufika 90 au kuzidi kidogo, kwa kuwa kioo kikigeuka digrii moja, mwale unaoakisiwa hugeuka digrii mbili. Zikifika 120 au zaidi, hiyo ni sekstanti, ndugu yake mwenye tao pana zaidi.

Baharini jahazi linayumba. Nahodha alipimaje? (Msomaji, Kaole)

Hapa ndipo penye ustadi wote. Nahodha aliutazama upeo wa bahari kupitia kioo kimoja, akausogeza mkono wa shaba taratibu mpaka taswira ya jua, iliyokwisha kufifishwa na vioo vya rangi, ishuke na kugusa maji. Mawimbi yakimyumbisha, jua na upeo huyumba pamoja, na kipimo hakiharibiki. Pembe ya adhuhuri, ikilinganishwa na jedwali la mwendo wa jua, ilimpa latitudo yake, yaani umbali wake kutoka ikweta kwa digrii. Dakika moja ya latitudo, yaani sehemu ya sitini ya digrii, ni maili moja ya baharini, takriban mita 1,852. Tanga ipo karibu digrii 5 na dakika 4 kusini, Bagamoyo digrii 6 na dakika 26, hivyo aliyekosea digrii moja na theluthi angeweza kuitafuta Bagamoyo mbele ya Tanga.

Kwa nini asiipime nyota ya kaskazini? (Msomaji, Pangani)

Kwa sababu kwetu, kusini mwa ikweta, imezama chini ya upeo. Waliokwenda Oman kwa jahazi waliikuta mbele ya safari, na waliipima kwa kibao chenye uzi wa mafundo, ambacho Waarabu hukiita kamal.

Oktanti yangu niing'arishe kwa dawa ya shaba? (Msomaji, Dunda)

Nakusihi usifanye hivyo. Dawa hiyo hula mistari myembamba ya vipimo, na migongo ya vioo vya zamani ina bati na zebaki, ambayo ni sumu na hubanduka ikisuguliwa. Pangusa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, na vioo usiviguse.