Sisi wa Mbeya Vijijini, meya wetu ni nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mkulima wa viazi huku Mbeya Vijijini. Kwenye gulio letu tunalipa ushuru kila wiki lakini choo hakuna, akina mama wanahangaika vichakani. Tumekubaliana tumwandikie meya. Jiji wana wao. Wa kwetu tunampata wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Meya hamna, na msimwandikie yule wa Jiji, kwani mamlaka yake yanakomea kwenye mpaka wa Jiji. Umeya upo kwenye majiji na manispaa tu. Ndiyo maana Iringa mjini wanaye, lakini Mafinga na Makambako, ambazo ni halmashauri za mji, zina wenyeviti. Nanyi, kama halmashauri zote za wilaya zilizo chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, mna Mwenyekiti wa Halmashauri. Msimchanganye na Mkuu wa Wilaya: huyo anateuliwa na Rais. Mwenyekiti ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake.

Ila hata yeye, sawa na meya, anaongoza vikao, hashiki fungu. Fungu analo Mkurugenzi Mtendaji, naye anatakiwa atumie kile kilichomo kwenye bajeti iliyopitishwa na baraza la madiwani. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na makadirio huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi likifika Mei, limeshapitwa.

Katika miaka yangu ya kazi ya sheria za halmashauri nimeshika barua nyingi za namna hii. Nyingi zilikuwa karatasi moja ya manung'uniko na saini lukuki, zikaishia kwenye faili. Moja siisahau. Ilibandikwa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye muhuri wa mtendaji, na nyuma yake risiti za mashine za magulio manne zimebanwa kwa pini, wino umeanza kufifia. Diwani alisimama nayo kikaoni akasoma jumla ya ushuru, na hoja ikaingia kwenye mpango. Hicho ndicho ninachotaka mfanye.

Kwa hiyo anzeni na mkutano mkuu wa kijiji. Muhtasari uende kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani wenu, kisha barua iende kwa Mkurugenzi, nakala kwa diwani. Pale masjala usiondoke kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa. Mikutano ya baraza ni ya wazi, basi siku hiyo wawili watatu mwende mkakae nyuma msikilize. Diwani akiwaona atasema kwa nguvu zaidi.

Na msiandike tu "tunaomba choo". Andikeni matundu mangapi, ya wanawake mangapi, maji yatatoka wapi, na kiwanja ambacho kijiji kimetenga.